Usiku Parachichi Lilipoanguka Juu ya Bati

Nyumbani kwetu Kibosho, Kilimanjaro, nyuma ya nyumba ya mama, upo mparachichi mkubwa ambao marehemu baba aliupanda kabla sisi hatujazaliwa, na matawi yake mawili yalikuwa yamelalia bati la chumba cha wageni. Msimu ukifika matunda huanguka usiku, na sisi tuliokulia pale tumeuzoea mshindo ule kiasi kwamba hatugeuki hata kitandani. Usiku mmoja, wiki ya saba tangu mdogo wangu arudi kutoka Kongo alikokuwa akilinda amani, tunda moja lilianguka, kisha nikasikia kishindo kingine, kizito zaidi, katika chumba walicholala yeye na familia yake, na sauti ya wifi yangu ikimwita kwa jina mara tatu, polepole, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nilipoingia na taa ya simu nilimkuta mdogo wangu chini ya kitanda, amemlaza binti yake wa miaka minne chini ya kifua chake, kiganja kimefunika kisogo cha mtoto, macho yamekodolewa lakini hayatuoni sisi. Mtoto hakulia. Alikuwa akinong'ona, "Baba, unanibana."

Asubuhi alichukua panga na ngazi, akayakata matawi yale mawili bila kumwomba mama ruhusa. Mama alinuna, kwa kuwa mti ule ni wa baba. Mimi nilimtetea nikasema ameyakata ili bati lisitoboke. Nilijua si kweli, naye alijua kwamba ninajua, na tuliishi na uongo huo kwa karibu miezi minne.

Ninaandika haya kwa ruhusa yake. Ameyasoma, amefuta sentensi mbili, na ameniomba nisitaje kikosi chake, mwaka aliokwenda wala mahali tukio lilipotokea. Nitasema tu kwamba walikuwa katika msafara wa magari, gari lililotangulia likashambuliwa, na ndani yake alikuwamo rafiki yake waliyeanza naye mafunzo siku moja, kijana wa Tabora ambaye sisi sote nyumbani tulimfahamu kwa sauti, maana kila mdogo wangu alipopiga simu rafiki huyo alichukua simu na kumwamkia mama.

Nimefikiri sana ni wapi tulipokosea, na jibu langu ni kwamba askari anayerudi huulizwa mapema mno, tena mara moja tu, na wale wanaokaa naye baadaye hawaambiwi waangalie nini. Siku aliporudi alikuwa na furaha ya kweli. Alipopimwa afya aliulizwa kama analala vizuri, akajibu kwamba analala vizuri, na hakudanganya, kwa sababu wiki zile za kwanza alilala kama gogo. Wataalamu wa afya ya akili wanalijua hili. Wengi wanaopitia tukio la kutisha hushtuka, huota vibaya, hukosa hamu ya kula, kisha hutulia wenyewe katika siku au wiki chache, na ndiyo maana mtu hatajwi kuwa na ugonjwa wa kiwewe, ule ambao madaktari huuita PTSD, mpaka dalili ziwe zimedumu zaidi ya mwezi mmoja. Wapo pia ambao dalili zao hazikamiliki mpaka miezi sita ipite au zaidi. Kwa hiyo swali linaloulizwa siku ya kushuka kwenye ndege, hata likiulizwa kwa nia njema kabisa, humkuta mtu akiwa bado hajafika kwenye ugonjwa wake.

Sisi tulikuwapo alipofika kwenye ugonjwa huo, na kila dalili tuliiona kwa macho yetu na kuipa jina lisilo lake.

Krismasi ilipokaribia, watoto wote walirudi nyumbani kama ilivyo desturi yetu Wachaga, na mbuzi akaandaliwa. Mwanamume wa ukoo hutarajiwa kuwapo mnyama anapochinjwa na nyama inapogawanywa, kwa sababu kila sehemu ina mwenyewe na mgao huo ndio unaoonyesha nani ni nani katika familia. Mdogo wangu alisimama pale mpaka damu ya kisusio, supu yetu ya damu, ilipoanza kukingwa kwenye sufuria, akageuka, akashuka kwenye migomba, na hakuonekana mpaka giza lilipoingia. Baba mdogo alisema jeshi limempa kiburi. Wifi yangu, ambaye alikuwa ameanza kugeuziwa mgongo kitandani, alihisi kuna mwanamke mwingine. Shangazi alitaka apelekwe kwenye maombi, na kweli alipelekwa, akaambiwa mbele ya watu kwamba ana roho ya mtu aliyemuua, maneno ambayo yalimwumiza kuliko yote, maana katika mwaka ule wote hakuwa ameua mtu, na alichokuwa akijilaumu nacho ni kwamba alishindwa kumwokoa mmoja.

Kulikuwa na ile simu kutoka Tabora. Mama wa rafiki yake alimpigia karibu kila Jumapili baada ya ibada, na kila mara mdogo wangu aliigeuza simu kifudifudi mezani, akaiacha iite mpaka ikanyamaza. Nilimwona akifanya hivyo na nilikasirika. Nilimwambia ni utovu wa adabu kumfanyia hivyo mama aliyefiwa. Aliniangalia akasema, "Dada, nitamwambia nini?" nami nikalichukua lile kama kisingizio.

Leo ninajua kwamba mambo haya yote yana mahali pake katika maelezo ya madaktari, ambao hupanga dalili katika mafungu manne: tukio kujirudia lenyewe katika ndoto au kwa kuamshwa na sauti na harufu, kukwepa watu, vitu na mazungumzo yanayolikumbusha, fikra kugeuka kuwa za lawama na moyo kufa ganzi hata kwa wale unaowapenda, na mwili kukaa lindo saa zote, usingizi mwepesi, hasira ya ghafla, kuchagua kiti kinachotazama mlango. Parachichi, mbuzi, simu ya Tabora, mgongo kitandani. Kama mtu mmoja angetuketisha mimi, mama na wifi yangu kwa saa moja kabla hajarudi na kutueleza mafungu hayo manne kwa Kiswahili cha kawaida, tungeelewa usiku ule ule.

Tulipompeleka kutibiwa kwa mara ya kwanza, ilikuwa kwa sababu ya tumbo. Alilalamika vidonda vya tumbo na kukosa usingizi, na katika kituo kimoja alichokwenda aliandikiwa dawa ya vidonda na vidonge vya usingizi vya Valium. Sina neno baya na mhudumu yule, alikuwa na foleni ndefu na alitibu alichoambiwa. Lakini vidonge vile vilimlaza bila kumpumzisha, baadaye akawa hawezi kulala bila hivyo, na kwa kuwa alikuwa ameanza kunywa pombe kali jioni, mchanganyiko ule ungeweza kumsimamisha kupumua. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba dawa za jamii hiyo zisitolewe kwa watu wazima kutibu dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza baada ya tukio. Ninalitaja hili kwa sababu vidonge hivyo vinajulikana sana mitaani, na familia nyingi zitafikiri zimepata msaada pale mgonjwa anapolala.

Alichokiogopa zaidi ni neno mwoga. Hofu hiyo si ya kwake peke yake wala si ya nchi yetu peke yake. Katika Vita Kuu ya Kwanza madaktari wa Uingereza waliwaona askari wanaotetemeka, waliopoteza sauti au uwezo wa kutembea bila jeraha lolote, na mwaka 1915 daktari Charles Myers aliandika juu yao akitumia jina lililohusisha hali hiyo na milipuko ya mizinga. Wakati huohuo jeshi lilelile liliwapiga risasi askari wake kwa utoro na woga, na wapo miongoni mwao ambao leo wangelazwa hospitali. Uingereza iliwasamehe 306 kati yao mwaka 2006, miaka tisini baadaye. Ugonjwa wenyewe uliingizwa kwa jina linalotumika sasa katika mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Ikiwa mataifa yenye hospitali nyingi kiasi hicho yalichukua muda huo wote kuamini kwamba mtu shujaa anaweza kuumia pasipoonekana, sina haki ya kumlaumu baba mdogo kwa neno lake la kiburi.

Nilipokuwa nikitafuta namna ya kuzungumza naye, nilimkumbuka mtu ambaye sikuwahi kuonana naye. Mwaka 2004 nilikuwa karani kijana katika ofisi moja ya Arusha, si mbali na jengo la mikutano la AICC ambamo Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa ikifanya kazi, na Januari ya mwaka ule mji wote ulijua kwamba amekuja Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada kutoa ushahidi katika kesi ya mauaji ya kimbari iliyomkabili Kanali Théoneste Bagosora na wenzake. Huyu ndiye aliyeongoza kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Rwanda mwaka 1994, akapoteza askari kumi wa Ubelgiji siku moja, tarehe 7 Aprili, na akabaki na wanajeshi wachache mno katikati ya mauaji ambayo hakuwa na nguvu ya kuyazuia. Wakati ule nilimchukulia kuwa jenerali tu. Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba jeshi la nchi yake lilimstaafisha mwaka 2000 kwa sababu za afya ya akili, na kwamba mwaka huohuo alikutwa bustanini hali yake mbaya baada ya kunywa pombe akiwa anatumia dawa za sonona. Naye alisimama hadharani, akiwa na cheo chake chote, akasema kwamba anaumwa na anatibiwa.

Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo tukiwa jikoni, tukimenya ndizi. Hakusema kitu kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Jenerali?" Nikamwambia ndiyo, jenerali. Akaendelea kumenya. Nadhani siku ile ndiyo aliyoanza kupona, ingawa yeye anasema ilianza kwa mzee jirani.

Mzee huyo alikwenda vita ya Kagera, dhidi ya Idi Amin wa Uganda, akiwa mgambo. Watoto wa shule wanayajua maneno ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo, na wanajua kwamba Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979. Yale yaliyofuata katika nyumba za waliokwenda hayapo katika somo la historia. Mzee alimwita mdogo wangu kwake jioni moja, akamkaribisha mbege, akamwonyesha kitanda chake ambacho kwa miaka zaidi ya arobaini kimewekwa ili yeye alale akiwa ameuegemea ukuta, akamwambia, "Kijana wangu, mimi sikupata mtu wa kuniambia kwamba hili lina dawa. Mke wangu wa kwanza alikimbia kwa sababu yangu. Wewe nenda hospitali." Hakukuwa na ushauri nasaha wa kitaalamu pale, na haukuhitajika. Alihitaji kuambiwa na mtu aliyevaa buti.

Hili ndilo lililonifanya nivutiwe na utaratibu ulioanzia katika kikosi cha askari wa majini cha Uingereza, ambao huwafundisha askari wa kawaida, masajenti na makoplo, wakae na mwenzao takriban siku tatu baada ya tukio, wamsikilize kwa mpangilio maalumu, kisha warudi kwake baada ya mwezi mmoja na kulinganisha. Hao hawatibu. Kazi yao ni kuona nani anatulia na nani anazidi kuzama, na kumfikisha kwa mtaalamu yule anayezama. Nasisitiza hapa kwamba ninachokisifu ni kule kurudi baada ya mwezi. Ile desturi ya kuwakusanya watu wote mara baada ya tukio na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona katika kikao kimoja imechunguzwa katika tafiti nyingi, na haikuonekana kuzuia ugonjwa. Huenda hata ikamdhuru mwingine. Watu wanapotoka kwenye tukio wanahitaji usalama, maji, chakula, usingizi, habari za wenzao, simu ya kuongea na nyumbani, na mtu wa karibu asiyewalazimisha kusema.

Askari wetu wanakwenda mahali pazito. Tarehe 13 Julai 2013 walinda amani 7 wa Tanzania waliuawa Darfur na wengine 17 wakajeruhiwa pamoja nao. Tarehe 7 Desemba 2017, katika shambulio la Semuliki, Kivu Kaskazini, waliuawa wasiopungua 14 wa Tanzania, na António Guterres, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, alilitaja kuwa shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani wa Umoja huo katika historia ya karibuni. Taifa liliwalilia, majeneza yakapewa heshima zote, majeruhi wakahesabiwa. Mimi huwafikiria wale ambao hawakuwa katika hesabu yoyote: waliokuwa kwenye redio wakisikia, waliofika asubuhi kuokota, dereva aliyebadilishana zamu na mwenzake siku moja kabla. Hao walirudi wakiwa wazima, na Desemba huwarudia kila mwaka, wakati ambapo huku kwetu ni mwezi wa nyumba kujaa wageni na kelele.

Tiba aliyoipata mdogo wangu aliipata katika idara ya afya ya akili ya hospitali moja kubwa hapa Moshi, na ninataka kuieleza kwa sababu watu hufikiri ni kuongea tu. Siku ya pili ya kikao mwanasaikolojia alitandaza kamba sakafuni, akamwambia kwamba kamba ile ni maisha yake tangu alipozaliwa, sehemu iliyosalia ikiwa imekunjwa kwa sababu bado hajaiishi. Akampa mawe ya ukubwa mbalimbali na maua, aweke jiwe palipotokea jambo baya na ua palipotokea jema. Mdogo wangu alitarajia kuweka jiwe moja. Aliweka matano, moja likiwa la siku baba alipofariki akiwa kidato cha pili, na aliweka maua mengi kuliko alivyodhani, mawili yakiwa ndani ya mwaka uleule wa Kongo. Katika vikao vilivyofuata walipita kamba ile kuanzia mwanzo, na walipofika kwenye jiwe kubwa alilisimulia polepole, alichoona, alichonusa, mwili ulivyokuwa, alichofikiri, mtaalamu akiandika kila neno na kumsomea kikao kilichofuata, mpaka tukio likapata mwanzo, katikati na mwisho, likawa jambo la siku ile, mahali pale. Namna hii ya tiba ilitungwa na wataalamu wa Ujerumani na ikajaribiwa kwa wakimbizi wa Sudan waliokuwa Uganda, matokeo yakachapishwa mwaka 2004. Inahitaji chumba, kamba, muda na mtu aliyefunzwa. Zipo tiba nyingine zilizothibitika, na zipo dawa za kweli za hali hii, mojawapo ikiwa sertraline, ambayo yeye aliitumia kwa muda chini ya uangalizi wa daktari.

Vikao vilikuwa kumi na viwili. Baada ya cha tano alirudi amevunjika kuliko alivyokwenda, akalala sebuleni, akakataa chakula, na mama akaniomba niache kumpeleka. Ninaitaja wiki hiyo ili familia nyingine isije ikakata tamaa pale tulipokaribia kukata sisi.

Kilichobaki ni jambo ambalo mdogo wangu alitaka niliweke kwa maneno yake: kwamba askari wengi hawasemi kwa sababu wanahofia kuondolewa katika orodha ya misheni inayofuata, na posho ya misheni ndiyo nyumba, ndiyo ada za watoto. Mtu hawezi kuambiwa "sema ukiumwa" huku akijua kwamba kusema kutamgharimu bati la nyumba yake. Anaamini, nami ninaamini pamoja naye, kwamba matibabu yakifanywa siri ya mgonjwa na daktari wake, kamanda akaelezwa tu kama askari yuko tayari kwa kazi au bado, na aliyepona akaruhusiwa kwenda tena, watu watajitokeza. Na ningeomba wanaporudi wapigiwe simu baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu na baada ya miezi sita, na kila mara aulizwe pia mke au mume wake, au mama yake, kwa sababu mwenye dalili husema analala vizuri na anayelala karibu naye ndiye anayejua.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, simu ya Tabora iliita tukiwa mezani. Aliitazama, akaipokea, akatoka nayo uani, akasimama chini ya mparachichi ambao sasa umechipua upya pale alipokata. Tuliona mgongo wake tu. Alizungumza kwa dakika arobaini. Aliporudi alimwuliza wifi yangu kama anaweza kuomba ruhusa kazini, kwa sababu mama yule ana swali moja ambalo hataki kuliuliza kwa simu, naye ameahidi kwenda kulijibu. Wameshakata tiketi za basi, za watu watatu, na binti yao amekwisha kupanga nguo zake kwenye begi la shule.